Maji ya Kwanza ya Mboga ya Pwani

Wanawake wengi wa Kiuyu wakishuka pwani hushuka kwa mwani au kwa chaza. Bi Mwanawema Silima hushuka kwa majani. Maji yakishatoka, huchukua kikapu chake cha ukindu akateremka mpaka pale mikoko inapokwisha na mchanga mkavu unapoanza, akainama, akaanza kuchuma mboga ya pwani. Ni mmea mnene, wa vijiti vyekundu na majani yaliyojaa maji, unaotambaa juu ya mchanga mahali ambapo mmea mwingine ungeshakufa zamani kwa chumvi. Bi Mwanawema hachumi ovyo. Hukata vile vichwa laini tu, akaliacha shina lichipue tena. Ukimkuta hapo ukamsalimia, atakujibu bila ya kuinuka, maana mgongo wake ukishainama una taratibu zake, na kuinuka ni shughuli nyingine.

Si mganga, na ukimwita hivyo atakutazama mpaka ujute. Lakini watu wa mtaani kwake hawakukosa kumgongea. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa aliletwa akipiga kelele, naye akampondea majani ya mboga ya pwani, akamfunga nayo mguu, na kila yakikauka akayabadilisha, hadi yule bwana akaona haya kwa kelele alizopiga. Mtoto mwenye majipu alitafutiwa tako la hasani, ule mmea mwingine wa majani manene unaojiotea kwenye mihogo baada ya mvua. Bi Mwanawema hulitaja jina hilo kwa uso mkavu kabisa, na wasichana hucheka kwa niaba yake. Mzee aliyefunga choo alimtuma mkewe, kwa sababu ya haya, na mke akarudi nyumbani na fungu la tako la hasani na maagizo ya kulipika laini.

"Hini ni mboga kwanza," Bi Mwanawema huwaambia. "Dawa ni kwa sababu mnakaa mkala mchele mtupu na sukari, mwili ukilia mnauita maradhi."

Lakini mboga ya pwani ina tabia yake. Imelelewa na bahari, na bahari haikuinyima chumvi. Ukiipika kama mchicha utaitema. Lazima ichemshwe, maji yamwagwe. Ichemshwe tena, yamwagwe tena. Na wakati wa kiangazi, chumvi ikishakolea kwenye majani, hata mara ya tatu. Yale maji ya kwanza hayaliwi. Bi Mwanawema huyaacha yapoe akayatumia kukandia miguu. Hakuna mwanamke wa Kiuyu asiyelijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote. Ndiyo maana mambo yaliyokuja kumpata hakuweza kuyasingizia ujinga.

Tuanzie kwa mumewe, maana bila ya yeye hatutafahamu kwa nini mwanamke mzima aliogopa kuachwa uwanjani peke yake.

Hamdan alimuoa Mwanawema akiwa msichana aliyetoka skuli juzi. Wakakaa, miaka ikapita, mtoto hakuja. Hamdan alikuwa mtu mwema, na watu wema nao huoa mke wa pili. Akamleta Siti kutoka Wingwi, akamjengea nyumba katika uwanja uleule, mlango kwa mlango, akidhani kwamba wanawake wakitazamana kila siku watazoeana. Kilichotokea ni kwamba kila mmoja alijenga jiko lake nyuma ya nyumba yake, na majiko yale mawili yakapeana mgongo kwa muda wote wa uhai wa bwana huyo.

Hamdan alikuwa mtu wa haki. Zamu zake hazikuruka, nguo za sikukuu zilikuwa sawasawa, na samaki akimleta humpasua katikati. Lakini hakuna haki inayoweza kumlazimisha mwanamke kula chungu cha mwenzake. Siti alipojifungua binti yake wa pekee, Rahma, Mwanawema alimpikia uji wa pilipili manga akampa jirani aupeleke. Uji ukarudi na kawa lake juu, haujaguswa. Mwanawema akawamwagia kuku, na kuku wakashukuru. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa akimtaja mwenzake "wa kule", na mtoto Rahma akakua akienda huku na kule kama mpira, akimwita mmoja mama na mwengine mama mkubwa.

Hamdan alikufa masika moja kwa homa iliyoanza kama masihara. Wazee wa ukoo wakaamua kwamba wajane wote wawili wakae eda ndani ya nyumba moja, ili wanaokuja kutoa mkono wa pole wasigawanyike na chakula kisipikwe mara mbili. Hakuna aliyewauliza wenyewe. Wakaingizwa chumba kimoja na nguo zao nyeupe, wakawekewa sinia moja baina yao, na mlango ukarudishwa.

Walikula kama watu wanaochimba shimo kutoka pande mbili, kila mmoja upande wake, wakiogopa kukutana. Ikawa hivyo siku nyingi. Kisha siku moja mkono wa Siti ukavuka katikati ya sinia, ukachukua mnofu wa samaki changu kutoka upande wake, ukauweka mbele ya Mwanawema. Mwanawema akaula. Machozi yakamtoka, akashukuru kwamba mjane akilia hapana anayeuliza sababu.

Eda ilipokwisha, hakuna aliyerudi kwenye jiko lake la zamani kwa hasira ileile. La Siti likawa banda la kuku. Wakapika pamoja, wakala pamoja, wakasuka ukili wa mikeka pamoja barazani huku wakigombana juu ya redio, maana Siti alipenda taarabu na Mwanawema alipenda habari. Asubuhi, kabla ya jambo jengine lolote, Siti alikuwa akifungua dirisha lake na kuuliza, "Kuamkaje, dada?" Na Mwanawema alikuwa akijibu kutoka dirisha lake, "Alhamdulillahi. Weye kuamkaje?" Hayo tu. Lakini Bi Mwanawema, ambaye hakuzaa, ambaye kaka yake wa pekee Bakar alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki, alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumuuliza kaamkaje. Aliyajua hayo, na mara nyingine alikuwa macho mapema, amelala kimya, akilisubiri lile dirisha lifunguliwe.

Rahma alikuwa ameolewa Wete mjini, ana nyumba nzuri yenye chumba cha ziada. Kila akipiga simu husema, "Mama, njoo ukae na mie." Siti husema, "Inshaallah," ile inshaallah ya mtu asiye na nia ya kwenda popote.

Halafu ikaja presha.

Ilianza na kichwa, ikafuata macho kuona vitu vinavyometameta. Pale kituo cha afya nesi mmoja kijana, Intisar, alimfunga Siti kitambaa cha kipimo mkononi, akatikisa kichwa, akampa vidonge na maneno. Vidonge vilikuwa vyepesi kumeza. Maneno ndiyo yaliyokwama: chumvi basi. Samaki wa ng'onda basi. Achari basi.

Sasa, Siti alikuwa mtu wa chumvi. Wako watu wa sukari na wako watu wa ndimu, na Siti tangu utoto wake alikuwa akilamba chumvi kiganjani kama mbuzi. Kumkataza chumvi kulikuwa kumkatalia chakula. Bi Mwanawema alijitahidi kadiri alivyoweza. Alimpikia muhogo kwa tui zito, samaki kwa ndimu na pilipili, mboga ya pwani aliyoichemsha na kuimwaga maji mpaka ikabaki haina ladha ya pwani wala ya bara. Siti alionja, akasukuma sinia.

"Chakula cha mgonjwa hichi," alisema.

"Si ndiyo weye mgonjwa?"

"Mgonjwa anayekula hiki ataomba afe apumzike."

Akaanza kukonda. Kanga ikawa inamzunguka mara nyingi kuliko zamani. Na alasiri moja, wakiwa wamekaa barazani na ukili wao, Siti akasema bila ya kuinua macho, "Nafikiri nende kwa Rahma. Pengine kule ntapata hamu ya kula."

Bi Mwanawema aliendelea kusuka. Mkono wake ulikosea safu nzima, akaifumua, akaisuka tena, akaikosea tena. Alitaka kusema usinende. Lakini kwa haki gani? Mtu hana haki ya kumzuia mwanamke kwenda kwa bintiye, na mke mwenza ana haki pungufu kuliko mtu mwengine yeyote. Basi akasema, "Utakavyoona," na usiku mzima hakulala vizuri.

Baada ya siku chache mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuni zilikuwa zimeloa, moto ukawa wa moshi mtupu. Bi Mwanawema aliichemsha mboga mara moja kwa tabu, machozi yakimtoka kwa moshi, na alipotaka kuyamwaga maji ili aiinjike upya, akaona kwamba moto ule hautafikia kuchemsha mara ya pili. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Siti hakuwa amekula kitu tangu jana yake. Akayatazama maji yale ya kwanza, akaitazama mboga, akatia tui humohumo, akakata kitunguu, akakamulia ndimu, akapakua.

Siti alikula. Alichota na kipande cha muhogo, akachota tena, na mwisho akalifuta bakuli kwa vidole.

"Kuipikaje leo?"

"Vilevile."

"Kutia chumvi?"

"Sikutia hata chembe," Bi Mwanawema alisema, na hilo lilikuwa kweli tupu. Kopo la chumvi lilikuwa juu ya kabati tangu siku ya kituo cha afya.

Siti alimtazama kidogo. Kisha akasogeza bakuli mbele.

"Nipe tena basi."

Alasiri ile Rahma alipopiga simu, Siti alimjibu kwa sauti ya uzima: "Wete ntakuja kufanya nini mie, mwanangu? Nihesabu magari? Niache hapa hapa."

Bi Mwanawema alikuwa anapepeta mchele karibu. Aliyasikia, na furaha aliyoipata ilikuwa kubwa mno kwa maneno madogo kama yale. Kesho yake jua liliwaka, kuni zilikuwa kavu, moto ulikuwa mzuri wa kuchemshia ng'ombe mzima. Na maji ya kwanza hakuyamwaga.

Usidhani hakuwaza. Aliwaza sana, na kila alipowaza alijitafutia wakili. Nesi alikataza chumvi, alijiambia, hakukataza bahari. Chumvi ni ile ya pakiti. Na tena wanawake wote wa pwani wanasema mboga hii inateremsha presha, inasafisha damu, inalainisha mishipa, na yeye mwenyewe amewaambia watu hivyo miaka na miaka. Basi anamlisha mwenzake dawa. Mawakili hao aliwaita kila adhuhuri wakati chungu kikichemka, na kila adhuhuri walimjia, ingawa siku zikipita walikuwa wakisema kwa sauti ndogo zaidi.

Siti akarudi kunenepa. Akaimba na redio. Baadaye unene ule ukaanza kuonekana mahali pasipotakiwa, ukashuka miguuni. Viatu vyake vya ndara vikamwachia alama nyekundu. Uso ukawa unafura asubuhi. Bi Mwanawema alimkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu, akaziona alama za vidole vyake zikibaki kwenye ngozi ya mwenzake bila ya kuondoka, akatazama pembeni.

"Uzee," Siti alisema.

"Labda ni joto," Bi Mwanawema alisema. Na siku ile pia alimpikia vilevile.

Asubuhi ambayo dirisha halikufunguliwa, Bi Mwanawema alisubiri kidogo, kisha akatoka. Alimkuta Siti ameanguka kando ya pipa la maji, macho yake wazi, akisema kwamba dunia inazunguka na waiambie isimame. Majirani wakaja, simu ikapigwa, Rahma akafika na gari kutoka Wete akiwa bado na nguo za nyumbani ndani ya buibui. Wakampeleka kituoni.

Nesi Intisar alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia wa kulia.

"Bi Siti, vidonge unakula?"

"Nakula."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

"Na chumvi?"

"Chumvi mie sijaiona tangu uliponikataza."

Nesi alimgeukia Rahma. Rahma alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amemshika mama yake mguu uliovimba, na woga wake ulikuwa umeshageuka hasira, kama unavyogeuka kwa watu wanaopenda sana.

"Mama, vidonge unavificha. Sema kweli."

"Nakwambia nakula."

"Basi mbona vimeshindwa? Unavitupa, mama. Unavitupa halafu unatuapia."

"Wallahi sivitupi," Siti alisema. Sauti yake ikawa ndogo, ya mtu mzima anayeitwa mwongo mbele ya watu, na akageuza uso ukutani.

Nesi akasema kwamba, ikiwa dawa anakula kweli na hali ndiyo hii, itabidi amuongezee nguvu ya vidonge, na kama hakupata nafuu apelekwe hospitali kubwa. Akashika kalamu.

Bi Mwanawema alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana yeye hakuwa mgonjwa wala mtoto wa mgonjwa. Angeweza kukaa kimya. Angerudi nyumbani akaanza kumwaga maji kuanzia adhuhuri ileile, Siti angepata nafuu, wangesema ni vidonge vipya, na uwanja ungebaki na watu wawili. Haya yote aliyaona wazi wazi. Na aliona pia kwamba Siti angebeba uwongo usiokuwa wake, na dawa kali isiyokuwa yake, na kwamba siku mvua ikinyesha na kuni zikiloa, hajui yeye mwenyewe angefanya nini.

"Nesi," alisema. "Vidonge anakula. Mie ndiye ninayempa na maji. Ni mboga."

Wote wakamgeukia.

"Mboga ya pwani. Simwagi maji yake. Yale ya kwanza naitilia tui humohumo, anakula. Kila siku."

Nesi aliweka kalamu chini.

"Bi Mwanawema," alisema taratibu, "mboga ya pwani ni njema. Hata kwetu twaila, na bibi yangu akitulazimisha. Ukiimwaga maji yake vizuri, mwache ale. Lakini yale maji ni chumvi ileile. Mwili haujui kama imetoka dukani au imetoka pwani."

"Najua," alisema Bi Mwanawema.

"Kama ulikuwa unajua..." Rahma alianza, hakumaliza. Alimtazama mama yake mkubwa kwa muda mrefu, si kwa chuki, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulistahamili. "Kwa nini?"

Na Bi Mwanawema, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu jambo kama hilo, akasema, "Alikuwa anataka kwenda kwako."

Mchana ule walirudi uwanjani kukusanya vitu vya Siti. Rahma alikuwa anafunga nguo chumbani, haraka haraka. Siti alikaa barazani, miguu imenyooshwa juu ya mkeka, na Bi Mwanawema akakaa pembeni yake kwa sababu hakujua mahali pengine pa kukaa.

"Nisamehe," alisema.

"Mie nlijua," Siti alisema.

"Kujua nini?"

"Tangu siku ile ya mvua. Mie mtoto wa Wingwi, dada. Maji ya kwanza nayajua ladha yake kabla sijaota meno."

Bi Mwanawema alimgeukia. "Mbona hukusema?"

Siti alifikiri. Bi Mwanawema alimtazama midomo, maana aliona kwamba neno moja linaweza kutoka pale likamtosha kwa umri wake wote uliobaki. Angesema tu kwamba na yeye alikuwa hataki kuondoka. Angesema tu kwamba alimuonea huruma.

"Ningesema, ungeyamwaga," Siti alisema. "Na ilikuwa tamu."

Rahma akatoka na mkoba. Wakamuinua Siti, mmoja huku na mmoja huku, wakamuingiza garini. Siti alimshika Bi Mwanawema mkono kupitia dirishani, akaubana, akasema wasameheane. Wakasameheana. Gari likaondoka kwenye njia ya mawe, kuku wakalipisha njia, kisha wakarudi kuparura palepale.

Majirani waliimaliza habari ile kwa namna yao. Mke mwenza kamlisha mwenzake chumvi: hayo yalitosha, na kila aliyeyabeba aliyaongeza kidogo. Hakuna aliyemtukana. Waliendelea kumsalimia njiani, Bi Mwanawema hujambo, sijambo, na wakapita. Lakini wenye majipu wakaanza kwenda kituoni, na yule mke wa mzee aliyefunga choo akasema siku hizi mumewe anakula papai.

Bi Mwanawema alikuwa mpweke, na neno hili sina haja ya kulitafutia pambo. Alipika chungu kidogo akaona ni kikubwa. Alitandika mkeka akakaa katikati yake, akahamia pembeni, akarudi katikati. Redio ilikuwa yake sasa, akasikiliza habari zote za dunia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyemwambia aizime. Asubuhi aliamka, akalala kimya kidogo kwa mazoea, kisha akajilaumu akainuka. Siku nyengine alikwenda pwani, akachuma, akajaza kikapu, na akiwa njiani kurudi akajiuliza anakipeleka wapi.

Simu alikuwa nayo, ile ndogo ya vitufe. Aliiweka juu ya meza, uso juu, akawa anapita karibu nayo. Kupiga aliona haya. Angesema nini? Akipokea Rahma, angeanzia wapi?

Ikapita masika. Na asubuhi moja, akiwa anachambua mchele, simu ikalia mwenyewe.

"Assalaam alaykum, mama mkubwa."

"Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Mama yako kaamkaje?"

"Mzima, alhamdulillahi. Presha imeshuka, miguu imenywea, anatembea mpaka msikitini na wenziwe. Lakini chakula, mama mkubwa. Chakula ananisumbua. Mchicha hataki, kisamvu hataki, anakula kama ndege. Kila siku anataja mboga ya pwani, mboga ya pwani. Jana nimepata mtu kaniletea fungu kubwa. Nesi wa huku kasema ale tu, ila ipikwe vizuri. Sasa mie sijawahi kuipika."

Bi Mwanawema aliweka ungo chini. Alikaa. Aliliona lile jambo limesimama mbele yake, zuri, jepesi, halidhuru mtu: mboga hii haielezeki kwa simu, mwanangu, inataka mkono, njoo unichukue nikae nanyi kidogo nimpikie. Hata sauti ya kusemea alikuwa nayo tayari. Akampa Rahma nafasi, pengine atalisema yeye mwenyewe. Akasikia chombo kikigongwa kule Wete. Akasikia kikohozi, kile kikohozi cha Siti cha baada ya kunywa maji, karibu kabisa na simu. Rahma alikuwa anasubiri maelezo.

"Mama mkubwa? Upo?"

"Nipo," alisema. "Sikiliza. Kwanza itazame. Vijiti vyekundu vilivyokomaa vitupe, vitakuwa vigumu mdomoni. Bakisha vichwa. Ioshe mpaka mchanga uishe, halafu iache itulie ndani ya maji ya mwisho ya kuoshea, usiikimbilie. Ukiinjika tia maji mengi, mengi kuliko unavyodhani. Yakichemka, mwaga. Usiyaonee huruma. Tia mapya, chemsha, mwaga. Hapo itoe jani moja ulitafune. Ukisikia chumvi ulimini hata kidogo, rudia tena."

"Hata mara tatu?"

"Hata mara nne. Yeye atakwambia sasa imetosha, atakwambia umeiua ladha. Usimsikilize. Halafu ikamue kwa mikono miwili, itie kitunguu na tui jepesi, na ndimu mwishoni, ukishateremsha. Ndimu itie ya kutosha. Ndimu inaudanganya ulimi ukadhani chumvi imo."

"Ndimu mwishoni," Rahma alirudia.

"Mwishoni. Ukiitia mwanzo inakuwa chungu. Na mpe ikiwa moto, hapendi mboga iliyopoa. Atasema hataki. Iache karibu yake uondoke, atakula."

Alitafuta kitu kingine cha kumwambia. Alikitafuta kwa bidii, akapitia chungu chote tangu pwani mpaka sinia, na hakuona alichobakisha.

"Basi nimeshafahamu," alisema Rahma, na sauti yake ilikuwa na upendo wa kweli, haikuwa na kinyongo hata kidogo. "Ahsante sana, mama mkubwa. Sasa nimejua mwenyewe, sitokusumbua tena."

"Hunisumbui," alisema Bi Mwanawema.

Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.